Kwenye Mizani, Mahuta

Foleni ya korosho haikimbii.
Gunia moja, jina moja, stakabadhi moja,
na kati ya gunia na gunia
Wabanguaji wanafungwa upya,
mbili moja, dakika ya themanini na tatu,
kama walivyofungwa Jumapili kule Newala.

"Tatizo benchi," anaanza Mfaume Nnunduma,
kakalia gunia lake mwenyewe lisije likapata miguu.
"Dakika sabini tunatamba, tunagonga pasi kama wenye nchi.
Kisha pumzi inakata. Kocha anageuka nyuma:
yupo nani? Dereva wa bodaboda mwenye vibandiko mgongoni,
mpwa wa katibu,
na kipa wa akiba anayeomba acheze winga.
Timu ni akiba, bwana. Anayekula mbegu Oktoba,
Disemba anapanda nini?"

"Akiba ya nini!" anadakia Hokororo.
"Jaza benchi watu ishirini na mbili,
mbele ukimweka Mchopa ni kazi bure.
Mwezi wa saba kafunga mechi sita mfululizo,
tukamnunulia mbuzi.
Tangu mbuzi aliwe, mechi tisa,
hata mwamba hajaugonga.
Yule ni mkorosho usiopigwa salfa:
mwaka huu unavunja matawi kwa kuzaa,
mwakani ubwiriunga, maua meusi,
unabaki na kivuli tu."

"Mkorosho haukatwi kwa msimu mmoja."

"Wala kivuli hakiliwi."

Watu wanacheka. Mimi nasoma kilo.
Karani wa mizani hana timu,
ndivyo nilivyoelekezwa siku naanza kazi,
ingawa Jumatatu niliita majina
kwa sauti iliyokwaruza kama jogoo mgonjwa.

Somoe Chilumba, na beseni lake la ming'oko,
hesabu yake ipo kwa chaki
nyuma ya mlango wa ghala,
ambako katibu hatazami.
"Tumefungwa ishirini na moja," anasema.
"Kumi na nne baada ya dakika ya sabini."
Nnunduma anainuka kupokea ushindi.
"Kaa. Katika mechi hizo,
mara ngapi tuliongoza kwa mabao mawili?
Hakuna. Mabeki wanabeba moja bila
tangu kipindi cha kwanza,
kama mtu kajitwisha ndoo bila kata.
Shingo ipi isiyochoka?"

Kimya kidogo.
Halafu wote wawili wanadai
kwamba ndivyo walivyosema.

Hapo gunia linatua mbele yangu, puu,
na aliyelitua ni Mchopa.
Tangu alfajiri yuko hapa, anabeba kwa ujira,
kapita katikati yao mara arobaini
na hakuna aliyetazama chini ya mzigo.

Hokororo anatafuta kitu mfukoni. Hakipo.

Mchopa anajifuta uso kwa fulana.
Hakasiriki, na hilo ndilo baya.
"Hata mimi sijui," anasema.
"Zile siku nilikuwa napiga bila kutazama,
kama unavyowasha taa chumbani kwako gizani,
mkono unapajua.
Sasa natazama. Kipa namwona, mwamba nauona,
na ninyi nawaona.
Nikimaliza kuwaona wote, mpira umekwenda."

Anakunja mabega, mfupa unalia.
"Niwekeni benchi basi. Kule kuna kivuli."

Nani acheke? Mmoja alijaribu, akakohoa.

Mchopa anachukua fungu la ming'oko,
anatoa mia tano iliyolowa jasho.
"Weka," anasema Somoe. "Jumapili ukifunga utanilipa."
"Nisipofunga?"
"Utanilipa pia. Ming'oko nimechimba, sikuokota."

Naandika: kilo themanini na moja,
toa moja ya gunia tupu.
Foleni inasogea hatua.
"Tuseme," Nnunduma anaanza tena, kwa sauti ya chini sasa,
"dakika ya sabini, mabeki wao hoi,
na yeye ndiyo kwanza anainuka benchini,
anafunga kamba za viatu..."
Hokororo kamsogelea, sikio karibu na mdomo.
Namwita anayefuata. Hakuna anayesikia.